Pate na Hesabu ya Moyo

Nyumba kubwa za mawe za Pate na Amu zilijengwa zikielekea ndani. Mpita njia hakuona ila ukuta mrefu, mlango wa nakshi, na daka lenye viti vya mawe ambapo mwenye nyumba alikaa na wageni wake. Aliyeruhusiwa kuingia alivuka tekani, akatokea kiwandani penye hewa na mwanga, kisha akaingia msana wa kwanza, msana wa pili, hadi kile chumba kiitwacho ndani. Vyumba vyote hivyo vilikuwa virefu na vyembamba, kwa kuwa dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haizidi urefu wake. Kila mtu alivyozidi kwenda ndani ndivyo mwanga ulivyopungua na ndivyo mapambo yalivyozidi. Mwisho wa safari hiyo ulikuwa ukuta wa zidaka: vishubaka vya chokaa, safu juu ya safu, vilivyochongwa kwa ustadi ambao mafundi wa leo wanaujua wachache. Humo ziliwekwa sahani na bakuli za kaure kutoka Uchina na vyombo vingine vya thamani, ili atazamaye ajue bahari imemletea nini mwenye nyumba.

Nyuma ya ukuta huo kilikuwapo chumba kimoja zaidi, kidogo, kisicho na dirisha, kiitwacho nyumba kati. Ndimo wanawake walimozalia, na ndimo maiti alimooshwa kabla ya kutolewa. Mjenzi wa Kiswahili hakuiweka mauti nje ya nyumba wala pembeni. Aliiweka katika kitovu, akaitenga na kaure kwa unene wa ukuta mmoja.

Jambo hili lafaa kukumbukwa kila litajwapo Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambao kwa muda mrefu umehesabiwa kuwa kilele cha ushairi wa Kiswahili juu ya kupita kwa dunia. Aghalabu utungo huo husomwa kama maombolezo ya mji: Pate ilistawi, Pate ikafa, mshairi akalia. Usomaji huo si wa uongo, ila umeshika nusu ya jambo. Mshairi hakuuandikia mji. Aliuandikia moyo wake, na mji aliuita kuja kutoa ushahidi.

Jina lenyewe lasema hivyo. Inkishafi ni neno la Kiarabu lenye asili moja na kashifa na ukashifu wa Kiswahili cha kila siku: kuondoka kwa kifuniko, kufunuka kwa kilichositirika. Katika lugha ya wanatasawufu kufunuka huko hutokea moyoni. Kinachoondoka ni utando uliomzuia mtu asijione alivyo. Basi magofu ya Pate, kwa mpango wa mtungaji, ni kitu kinachosaidia kuondoa utando. Yakifanya kazi hiyo, yametimiza haja. Yakimfanya msomaji atamani tu zama za taa za kioo na milango ya mpingo, utando umebaki pale pale, na pengine umeongezeka unene.

Mji uliochaguliwa kuwa shahidi ulikuwa na historia ya kutosha kwa kazi hiyo, ijapokuwa historia yenyewe ina vumbi jingi. Habari za Pate, zilizokusanywa mwanzoni mwa karne ya 20 kutokana na masimulizi ya Bwana Kitini, mmoja wa watu wa ukoo wa Nabahani, huwaleta wafalme wa kwanza wa ukoo huo kutoka Omani mwanzoni mwa karne ya 13, na huwapa dola kubwa ya mwambao. Neville Chittick, aliyeyapitia upya maelezo hayo mwaka 1969, aliyaona ya kutiliwa shaka sana. Kwake yeye Pate haikuwa mji wa maana ila karne kadhaa baadaye. Uchimbuzi wa Thomas Wilson na Athman Lali Omar, uliotangazwa mwaka 1997, ulionyesha nao kwamba pahala penyewe palikaliwa na watu mapema mno kuliko Chittick alivyodhani. Kwa hiyo wafalme wa masimulizi wanaweza kuwa wametiwa chumvi, lakini mji wenyewe ni mkongwe.

Ukuu wake usio na ubishi ulikuwa katika karne za 16, 17 na 18. Wareno waliandika juu ya nguo za hariri zilizofumwa Pate na kuuzwa mbali. Pembe za ndovu zilipita hapo, wafanyabiashara wa Kihindi walikaa hapo, na masharifu wa Hadhramaut walifikia hapo. Miongoni mwa hao wa mwisho walikuwamo watu wa kizazi cha Shekhe Abubakar bin Salim, walii wa Inat aliyefariki mwaka 1584, na ndicho kizazi cha Sayyid Abdalla. Waliwaletea watu wa visiwani elimu ya dini, nasaba iliyoheshimiwa, na mazoea ya kutunga. Mji wenye hariri ulikuwa pia mji wenye vitabu. Jambo hili husahauliwa na wale wanaodhani zuhudi huzaliwa jangwani tu.

Kisha ukaja mporomoko, na haukuja kwa siku moja. Wareno walipong'olewa Ngome ya Mombasa mwaka 1698, Pate ilijikuta kati ya wenyeji wa mwambao, Waomani na Wareno wale wale waliotaka kurudi. Mwaka 1728 ilithubutu hata kupatana na Wareno dhidi ya Waomani. Baadaye katika karne hiyo kiti cha ufalme kiligombewa na jamaa wa nyumba moja. Zama za Mwana Khadija, malkia aliyetawala katika miaka ya 1760 na mwanzoni mwa miaka ya 1770, zimekumbukwa kwa fitina na mapigano ndani ya mji wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 Pate, ikishirikiana na Mazrui wa Mombasa, ilipeleka majeshi kuishambulia Amu. Yalishuka Shela. Watu wa Amu husimulia kwamba adui aliposhindwa na kukimbilia vyombo vyake, alivikuta vimekaa juu ya mchanga, maji yamekupwa, na ndipo mauaji yalipozidi. Washindi, wakihofia kisasi, walimwita Seyyid Said wa Omani awalinde. Kuanzia hapo nguvu zilihamia Amu, na kutoka Amu zilielekea Unguja.

Utungo wa Sayyid Abdalla kwa kawaida huwekwa katika miaka ya 1810 hadi 1820, na maisha yake hukadiriwa kuanza karibu na mwaka 1720. Kama makadirio hayo ni sahihi, basi mtunzi aliuona mji ukiwa na taa, akauona pia ukiwa na popo. Tanbihi moja yahitajika hapa. Nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa haifi kwa kupigwa tu. Hufa kwa kuachwa. Boriti zikioza dari huanguka. Dari ikianguka mvua huingia katika chokaa. Chokaa ikilegea, zidaka ambazo fundi alizichonga kwa miezi huanza kumomonyoka. Kwa hiyo magofu yaliyoelezwa katika utungo si lazima yawe yaliachwa na vita vya Shela. Watu walikuwa wamekwisha kuhama kidogo kidogo, nyumba hii baada ya ile, kwa muda ambao mtu mmoja mwenye umri mrefu angeweza kuuhesabu. Wala hakuwa na haja ya kungoja Pate ife ili ajue miji hufa. Katika kisiwa kicho hicho yapo magofu ya Shanga, mji ulioanza katika karne ya 8 na kuachwa mwanzoni mwa karne ya 15, ambao Mark Horton aliuchimba katika miaka ya 1980 na kukuta chini ya msikiti wa mawe misikiti ya kale zaidi, mmoja juu ya mwingine. Watu wa Pate, hata siku za hariri, waliishi jirani na mji uliokwisha kunyamaza tangu enzi za mababu wa mababu zao. Haikuwazuia kujenga.

Umbo la utungo lafaa litazamwe kabla ya maana yake, kwa sababu umbo limebeba sehemu ya maana. Tenzi nyingi za kale hutumia mizani 8 kwa mshororo. Hapa mizani ni 10, na mshororo hupumua katikati, hatua ndefu kwanza kisha fupi. Mishororo mitatu ya kila ubeti hukubaliana kwa kina, na wa nne hurudi kwenye kina kimoja cha utungo mzima, kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, katika beti zisizotimia 80. Msikilizaji hujikuta akingoja kina kile. Kila picha, iwe ya karamu au ya kaburi, hutua pale pale. Kwa sauti tu, kabla hajafikiri neno, ameshafundishwa kwamba njia zote zina kituo kimoja.

Baada ya kumtaja Mola na kumswalia Mtume, mtunzi hageukii watu. Hageukii hata wanafunzi. Anaugeukia moyo wake na kuuuliza mbona hauamki. Anausemesha kama mtu anavyomsemesha rafiki aliyekopa na kusahau deni: kwa upole mwanzoni, kisha kwa kuchoka, kisha kwa ukali. Anauonyesha dunia kwa mifano ya mtu wa pwani: bahari iliyochafuka ambayo apandaye chombo humo hatoki na faida, taa iliyowekwa penye upepo, mangati yanayometameta juani na kumdanganya mwenye kiu kuwa ni maji. Moyo haujibu. Ndipo anapouleta Pate.

Tofauti iliyopo kati ya kisimamo hiki na kile cha washairi wa kale wa Uarabuni haijaangaliwa vya kutosha. Mshairi wa zama za Jahiliya, Imru' al-Qays akiwa mashuhuri kuliko wote, hufungua kasida kwa kusimama penye mabaki ya kambi, akalia kwa ajili ya mpenzi aliyehama. Magofu kwake ni mlango wa kumbukumbu, na kumbukumbu ni mlango wa kujisifu. Sayyid Abdalla, aliyekulia katika elimu ya Kiarabu, anasimama penye mabaki kama wao, lakini hakuna aliyependwa aliyehama. Au, kwa usahihi zaidi, aliyependwa ni utajiri wenyewe, na anayeulizwa ni yule aliyeupenda. Machozi, kama yapo, hayaruhusiwi kumaliza kazi. Yeye huuliza walikwenda wapi waliokuwa na majumba haya, akayataja majina, na baadhi ya majina hayo ni ya masharifu wa ukoo wake mwenyewe. Hakujitoa katika orodha. Mwonyaji ambaye ndugu zake wamo kaburini alilolinyooshea kidole hana pa kujitukuzia.

Msingi wa njia hii ulikuwako tayari katika vitabu vilivyosomwa na masharifu wa Hadhramaut na wanafunzi wao wa mwambao. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliigawa Ihya yake kwa vitabu 40. Cha 38 kinahusu muraqaba na muhasaba, yaani mtu kujichunga na kujihesabu, na cha 40, ambacho ndicho cha mwisho, kinahusu kukumbuka mauti na yanayofuata. Mfano anaoutumia Ghazali kwa muhasaba ni wa biashara: mtu na nafsi yake ni kama washirika wawili, mmoja ametoa mtaji, mwingine amekwenda nao sokoni, na jioni lazima hesabu ifanywe. Ni rahisi kuona kwa nini mfano huo uliota mizizi Pate. Kila mwenye nyumba ya zidaka alijua maana ya kumngoja nahodha arudi na kaskazi, na kumwuliza kilichouzwa na kilichopotea. Sayyid Abdalla hakuhitaji kuwafundisha watu hao kitu kigeni. Alichukua hesabu waliyoifanya kila mwaka kwa mali, akauliza mbona haijafanywa kwa umri.

Huku ndiko kujitambua kulivyoeleweka katika elimu ile, na kunatofautiana na yale yanayosemwa siku hizi kuhusu utulivu wa nafsi. Kujitambua kwa muhasaba si kutulia. Ni kuhojiwa, na anayehoji ndiye anayehojiwa. Anayetaka starehe ya moyo ataona Al-Inkishafi ni utungo mkali mno: baada ya Pate huja kaburi, na baada ya kaburi hutajwa moto kwa majina yake, tabaka kwa tabaka. Pepo haikupewa maelezo ya namna hiyo. Wako waliolilaumu jambo hilo, wakisema mtungaji amewatisha watu pasi na kuwapa tamaa. Lakini msemeshwaji ni moyo wake, na yeye ndiye aliyeujua umeshupaa kiasi gani. Tabibu hutoa dawa kwa kadiri ya mgonjwa aliye mbele yake.

Hata hivyo, utungo mkubwa nao unaweza kuulizwa hesabu. Yako mambo mawili ambayo msomaji wa leo hana budi kuyaona.

La kwanza ni sababu. Ukiisoma Al-Inkishafi peke yake utadhani Pate ilianguka kwa kuwa kila kitu huanguka. Ni kweli kila kitu huanguka. Lakini Pate ilianguka wakati ule, kwa namna ile, kwa sababu jamaa wa ufalme walipigana ndani ya mji, kwa sababu viongozi wake waliamua kwenda Shela, kwa sababu bandari yake ya maji machache haikufaa kwa biashara iliyokuwa ikikua, na kwa sababu mkono wa Omani ulijua kuwagonganisha wagomvi. Kuyataja haya si kupinga imani. Qadari haimwondolei mtu dhamana ya alilolitenda. Muhasaba wa mji ungepaswa kuuliza nani alichochea, nani alinyamaza, nani alifaidika. Mtunzi hakuuliza, na haki yake ilikuwa kutouliza, kwani alikwisha kuchagua mshtakiwa mmoja tu. Ila wasomaji waliokuja baadaye waligeuza hesabu hiyo ya moyo mmoja ikawa udhuru wa jamii nzima: dunia ni mapito, basi hakuna wa kuulizwa.

La pili ni zito zaidi. Katika kuzieleza kumbi zilizojaa furaha, utungo unataja kelele za watumishi. Wamo humo kama sehemu ya shangwe ya nyumba, pamoja na taa na vyombo, kisha wanatoweka pamoja navyo. Mabwana huulizwa wako wapi, na majina yao hutajwa. Watumishi hawaulizwi. Na ni nani aliyevunja matumbawe, akachoma chokaa, akakata boriti katika tope la mikoko, akaosha kaure, akampepea bwana usingizini? Ukwasi wa miji ya mwambao katika zama hizo ulisimama kwa sehemu kubwa juu ya migongo ya watumwa, mashambani na majumbani. Kwao dunia ilikuwa imekwisha kuwa ya mapito tangu siku walipochukuliwa makwao. Hawakungoja zidaka zibomoke ndipo waonywe. Sayyid Abdalla alikuwa mtu wa zama zake, na kumlaumu kana kwamba alikuwa na fikra za karne ya 21 ni kumwonea. Lakini moyo unaojifunua leo kwa kuyatazama magofu yale yale hauwezi kuishia pale alipoishia yeye. Hesabu isiyomtaja aliyebeba mawe haijakamilika.

Namna utungo ulivyosafiri nao una kisa chake. Watu wa visiwani waliuhifadhi kwa nakala za mkono, kwa hati za Kiarabu, na kwa vifua vyao. W. E. Taylor aliutafsiri kwa Kiingereza, na tafsiri hiyo ikatoka mwaka 1915 katika kitabu cha Stigand kuhusu lahaja za Kiswahili. William Hichens alitoa chapa yake kamili huko London mwaka 1939. Wazungu wa wakati huo walitegemea sana elimu ya wenyeji, na hasa kazi ya Muhamadi Kijumwa wa Amu, mshairi, mchongaji wa milango na mwandishi wa hati nzuri ajabu, ambaye aliwanakilia tenzi nyingi Hichens, Alice Werner na wengineo. James de Vere Allen aliutoa tena mwaka 1977, na M. M. Mulokozi akautia katika Tenzi Tatu za Kale mwaka 1999, pamoja na utenzi wa Fumo Liyongo na ule wa Mwana Kupona.

Ulipoingia mikononi mwa wasomaji wa kikoloni, jambo fulani lilibadilika kimyakimya. Kwa watu wa Amu ulikuwa waadhi: msomaji na msikilizaji wote wawili wamo ndani ya lawama. Kwa mtawala aliyekaa ofisini ulikuwa hati ya urithi wa watu waliokwisha kufilisika, ushahidi kwamba ustaarabu wa mwambao ulikuwa umekufa kwa ajali yake wenyewe kabla yeye hajashuka pwani. Ilimfaa sana kuamini hivyo. Mwaka 1890, Waingereza walipotuma manowari na majeshi kuuteketeza mji wa Witu, ambako masalia ya watawala wa Nabahani walikuwa wamehamia na kuanzisha usultani mwingine, hapakuwa na mangati wala mfano wa bahari. Palikuwa na mizinga na amri iliyotiwa saini. Gofu la namna hiyo lina mwenye kuulizwa.

Inasadikiwa kwamba Sayyid Abdalla huyu huyu ndiye aliyetunga Takhmisa ya Liyongo, ambamo anaongeza mishororo yake juu ya ile inayonasibishwa na shujaa yule wa kale. Takhmisa ile ni ya mori na ushujaa, ya mtu asiyekubali kudhalilishwa. Wachambuzi wengine wameona ajabu kwamba mtu mmoja atunge yote mawili. Si ajabu. Aliyejua ladha ya kiburi ndiye anayeweza kuuhoji moyo wenye kiburi kwa maswali yanayouma. Walii ambaye hakupata kupenda mlango wa mpingo asingeeleza namna unavyometa.

Pate bado ina watu. Mji wa sasa uko kando ya ule wa kale, na katikati ya kuta za kale hulimwa tumbaku, miche imepangwa safu mahali palipokuwa kumbi. Vyombo vya abiria vitokavyo Amu hungoja maji yajae. Wanaolima humo hawaishi ndani ya utungo. Wana karo za kulipa na bei ya tumbaku ya kufuatilia, na ni dharau kuwafanya mapambo ya huzuni ya watalii.

Na yuko mtu mwingine wa kisiwa hicho aliyeyajibu maswali ya Sayyid Abdalla kwa njia yake. Upande wa pili wa Pate, katika mji wa Siyu, aliishi Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka, shekhe aliyepigana na majeshi ya Seyyid Said. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856, mwaka ule ule aliofariki Seyyid Said. Miaka miwili baadaye mjane huyo, akiwa mgonjwa, alimwita binti yake aje karibu na wino na karatasi. Alijua hana muda. Hakumsimulia habari za majumba yaliyobomoka, wala hakumtajia moto kwa majina. Alimwambia namna ya kushika dini yake, namna ya kukaa na mume, na wa kuwakalia mbali, kisha akawaombea watoto wake na jamaa zake. Mauti yamo katika kila ubeti wa wasia huo, yamekaa nyuma ya ukuta kama yalivyokaa katika nyumba aliyozalia. Baadhi ya nasaha zake, hasa zile za utiifu wa mke, zimegombewa sana na wasomi wa miaka ya karibuni, na ugomvi huo una haki yake. Lakini kama hesabu ya umri ni kujua kilichosalia na kuamua kitumikeje, yeye aliifanya akiwa kitandani, kwa maneno ambayo mtoto angeweza kuyafuata kesho yake asubuhi.

Mwana Kupona alifariki mwaka 1860. Siyu ilisalimu amri kwa Sultani Majid mwaka 1863.